Kwani Antifa ni Tusi?

Siku hizi ukiongea juu ya maandamano, hukosi msee wa kukuuliza, "Kwani wewe ni Antifa?" Anasema kama anakutukana. Juzi nilimuuliza mmoja hilo neno linamaanisha nini. Akanyamaza. Basi wacha nieleze.

Tuanze Italia. Mwaka 1919 Mussolini alianzisha kundi lake kule Milan. Vijana wake wa mashati meusi walichoma ofisi za vyama vya wafanyakazi na kupiga watu, na mara nyingi polisi waliangalia kando. Mwaka 1921, watu waliokuwa wamepigana Vita vya Kwanza vya Dunia wakaona imetosha, wakaunda Arditi del Popolo. Agosti 1922 pale Parma, wao na wakaazi wa kawaida walifunga barabara wakazuia maelfu ya mashati meusi hadi wakarudi nyuma. Lakini vyama vikubwa vya mrengo wa kushoto vilikataa kuwaunga mkono. Oktoba hiyohiyo, Mussolini akawa waziri mkuu.

Jina lenyewe lilitoka Ujerumani. Mwaka 1932 chama cha kikomunisti kilianzisha Antifaschistische Aktion, na Antifa ni ufupisho tu. Shida ni kwamba wakomunisti hao waliwaita hata wasoshalisti mafashisti. Nyumba inaungua, na nyinyi mnagombania ndoo! Januari 1933 Hitler akawa kansela. Kufikia katikati ya mwaka, vyama vyote viwili vilikuwa vimezimwa.

Na usidhani hii ni hadithi ya wazungu pekee. Oktoba 1935 Mussolini alivamia Ethiopia, hapa tu jirani, na ndege zake zikamwaga gesi ya sumu. Kule London, Waafrika na watu wa Caribbean waliunda kikundi cha kuitetea. Mwenyekiti alikuwa C.L.R. James. Katibu? Jomo Kenyatta. Ndiyo, huyo huyo.

Sisemi kila kitu kinachofanywa kwa jina la Antifa ni sawa. Ukimpiga mtu juu ya maoni yake tu, hiyo ni mbinu ya mashati meusi. Lakini mafashisti hawakushinda kwa nguvu zao pekee. Walioweza kuwazuia walichelewa kuungana. Hilo ndilo linaniogopesha, maana sisi pia tunajua sana kugawanyika.

Kwa hivyo ukiitwa Antifa, muulize tu: shida yako ni "anti" ama ni "fa"?