Vilalo vya Masisi na Walikale na Kazi ya Kuvitunza

Katika Kivu, mashariki mwa Kongo, barabara itokayo Sake, ikapanda vilima vya Masisi na kuteremka hadi msitu wa Walikale, hukata mito mingi ya bonde la Lowa, ukiwamo Oso, na uhai wake wote umetegemea vilalo, jina walitumialo watu wa Kivu kwa madaraja. Daraja la tao, ambalo mawe yake ya kuchongwa hubanana kwa uzito wake na kuusukuma mzigo hadi kwenye kuta za kingo mbili, laweza kudumu karne nyingi kwa matunzo machache. Kilalo cha magogo, kilichoenea katika nchi hii ya mvua na miti mingi, huoza upesi na sharti kijengwe upya mara kwa mara.

Kabla ya magari, wakazi wa msituni walivuka kwa mitumbwi au kwa madaraja ya kuning'inia yaliyosukwa kwa mimea itambaayo, nao waliyakarabati wenyewe kwa kuwa waliyahitaji. Utawala wa Ubelgiji ulivunja uhusiano huo kati ya mtumiaji na mtunzaji. Comité National du Kivu, taasisi ya kikoloni iliyoundwa mwaka 1928, iliwagawia walowezi ardhi, na tangu 1937 familia kutoka Rwanda zikahamishiwa Gishari, huko Masisi, hata mashamba ya Masisi yakazidi kuhitaji njia ya kusafirishia mazao. Amri ya 1933 kuhusu utawala wa machifu iliwatwika wanavijiji kazi za lazima, zikiwamo za barabara, na kantoniye, yaani mfanyakazi aliyekabidhiwa kipande maalumu cha njia, alizibua mifereji na kuziba mashimo kwa jembe na koleo.

Baada ya uhuru, Office des Routes, shirika la serikali lililoundwa mwaka 1971, lilirithi jukumu la kutunza barabara, huku Rais Mobutu akihimiza salongo, kazi ya pamoja ambayo raia hawakulipwa. Fedha za serikali zilipokauka, na vita vilipozuka mwaka 1993 huko Ntoto, Walikale, matunzo yalidhoofika zaidi. Mfuko wa matengenezo ya barabara, FONER, ulianzishwa mwaka 2008 ili ada za watumiaji zigharimie kazi hiyo.

Kwa hiyo, kujenga kwa chuma au kwa mawe hakutatosha peke yake: kilalo cha Masisi au Walikale kitadumu iwapo anayekitunza analipwa haki yake na ada za barabara zinarudi barabarani.