Neno clear: kutoka namba 5005 hadi leo

Ukifungua kazi za wanafunzi wanaotumia MATLAB, mara nyingi mstari wa kwanza utakuwa huu: clear all, close all, clc. Ukiuliza kwa nini upo pale, utajibiwa kwamba ndivyo tulivyofundishwa. Basi wasomaji, leo tuufukue mstari huo, hasa neno lake la kwanza. Lina umri mkubwa kuliko wengi wetu, na kazi lililozaliwa nayo siyo ile tunayolipa siku hizi.

MATLAB ilianza mwishoni mwa miaka ya 1970. Cleve Moler alikuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani. Alitaka wanafunzi wake watumie LINPACK na EISPACK, yaani maktaba mbili za kukokotoa matriksi, bila kulazimika kuandika programu za Fortran. (Kwa aliyesahau hesabu za shule, matriksi ni namba zilizopangwa kwa mistari na safu kama jedwali.) Kwa hiyo akatengeneza kikokotoo. Unaandika A sawa na kadha wa kadha, kompyuta inalishika jina hilo pamoja na thamani yake, kisha unaendelea kulitumia. Jina la namna hiyo ndilo tunaloita kigeu.

Toleo lile lilitambua maneno 71 tu, na kila jina lilikumbukwa kwa herufi nne za mwanzo. Ndiyo maana katika orodha ya maneno yake huoni CLEAR, bali CLEA. Katika orodha hiyohiyo kuna WHO, amri iliyotaja vigeu ulivyonavyo na kukuambia umetumia nafasi ngapi kati ya 5005.

Ndiyo, elfu tano na tano! Hapo ndipo pa kutua kidogo. Nafasi hizo zilikuwa za vigeu vyote kwa pamoja. Matriksi ya 70 kwa 70 inakula nafasi 4900. Ya 71 kwa 71 inataka 5041, haiingii hata ikiwa peke yake. Mwanafunzi aliyemaliza zoezi la kwanza hakuweza kuliacha likae tu huku akianza la pili. Alifuta ili apate pa kuandikia, kama mwalimu anavyofuta ubao. CLEAR peke yake ilifuta kila kitu isipokuwa vigeu vinne vya mfumo wenyewe: EPS, FLOP, EYE na RAND. Ukitaka kufuta X pekee uliandika CLEAR X.

Kisha akaja mhandisi Jack Little. Aliacha kazi, akanunua kompyuta ya Compaq, akajifungia kuiandika MATLAB upya kwa lugha ya C akisaidiwa na Steve Bangert. Mwaka 1984 wakaanzisha kampuni ya MathWorks pamoja na Moler. Katika toleo hilo jipya mtumiaji aliweza kuandika fanksheni zake mwenyewe. Kwa maoni yangu hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote kwa habari hii yetu, kwa sababu fanksheni ina chumba chake. Vigeu vinavyozaliwa humo hufutika inapomaliza kazi, bila mtu kuamuru.

Tatizo la nafasi halikuisha. Katika Windows ya biti 32 programu moja kwa kawaida ilipewa GB 2, na matriksi inataka sehemu iliyoungana, siyo vipande vipande. Ungeweza kuwa na nafasi ya kutosha kwa jumla na bado ukaambiwa kumbukumbu imeisha. Kwa ajili hiyo kulikuwa na amri ya pack, iliyohamishia vigeu kwenye diski, ikasafisha kumbukumbu, kisha ikavirudisha vikiwa vimepangwa. Toleo la mwisho la MATLAB kwa Windows ya biti 32 lilikuwa R2015b.

Sasa kumbukumbu ipo tele. Kwa nini bado tunafuta? Kwa sababu kigeu cha zamani kinaweza kukudanganya. Tuseme jana ulijaza mvua(1) hadi mvua(12), mvua ya miezi kumi na miwili. Leo una kituo kingine chenye miezi tisa tu, na skripti ileile inajaza mvua(1) hadi mvua(9). Tatu za mwisho ni za jana, zimekaa palepale. Ukiita mean(mvua) utapewa wastani uliochanganya vituo viwili. Hakuna onyo wala maandishi mekundu, na namba yenyewe inaweza kuonekana ya kawaida kabisa. Ikiingia kwenye tasnifu, nani ataigundua?

Upande mwingine, kuna kufuta kunakorudisha. Andika sum = 5, halafu jaribu kujumlisha kwa sum(x). Haifanyi kazi, maana kigeu chako kimeifunika fanksheni yenye jina hilo. Andika clear sum, nayo inarudi.

Kwa hayo yote clear tupu inatosha. Neno all ndilo lenye gharama. Linaondoa pia fanksheni zilizokwisha kupakiwa, ambazo itabidi zisomwe upya, na vituo ulivyoweka vya kusimamisha programu ukitafuta kosa. MathWorks wenyewe wanasema linapunguza kasi na kwa kawaida halihitajiki. Tangu R2008a kuna clearvars inayogusa vigeu pekee, na ukitaka kubakisha kimoja unaandika clearvars -except data. Mnaotumia Octave, ambayo ni ya bure, andikeni clear -x data.