Shaka na Rasimu: Kuandikwa kwa Caitaani Mũtharaba-inĩ katika Gereza la Kamiti, 1978

Wanahistoria wa fasihi zetu wamezoea kuanzia kwenye kitabu kilichokwisha pigwa chapa. Twauliza kilitoka mwaka gani, kilichapishwa na nani, na kilipokewaje na wasomaji. Ni mara chache tuulizapo kiliandikwaje siku baada ya siku, na mwandishi aliikabili vipi ile sauti ya ndani iliyomwambia kuwa hataweza. Sababu ya kimya hiki ni bayana: miswada mingi imepotea, na waandishi wachache tu ndio walioacha maelezo ya kazi yao ilipokuwa ingali changa. Hata hivyo, kipo kisa kimoja hapa kwetu Kenya ambacho kina ushahidi wa kutosha, nacho ni kile cha Ngugi wa Thiong'o na riwaya yake ya kwanza katika Kigikuyu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba shaka iliyomkabili haikuwa udhaifu wa nafsi tu, bali ilikuwa na historia yake. Na kwamba njia aliyoitumia kuinyamazisha ina mafunzo kwetu sisi ambao kazi yetu ni kuilinda lugha.

Yafaa kwanza tukumbuke kuwa aliyekuwa na shaka hiyo hakuwa mwanagenzi. Kufikia mwaka 1977 alikuwa amekwisha toa riwaya nne kwa Kiingereza, naye alikuwa mkuu wa Idara ya Fasihi katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Ile ya nne, Petals of Blood, ilimchukua miaka mitano, tangu Oktoba 1970 hadi Oktoba 1975. Aliianza Evanston nchini Marekani, akaiendeleza Limuru, akaimaliza Yalta. Mwaka uo huo wa 1977, yeye na Ngugi wa Mirii waliandika tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, ambayo wakulima na wafanyakazi wa Kamirithu waliicheza tangu tarehe 2 Oktoba. Tarehe 16 Novemba serikali ikaondoa kibali cha kuionyesha. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba mwandishi akakamatwa, akapelekwa kizuizini katika Gereza la Kamiti bila ya kushtakiwa mahakamani. Humo jina lake lilikuwa namba: K6,77.

Asili ya shaka yake ni ya zamani kuliko gereza. Katika Decolonising the Mind, kitabu cha mwaka 1986, ameeleza jinsi mtoto aliyesikika akisema Kigikuyu shuleni alivyoadhibiwa, na jinsi kitufe kilivyopitishwa mkono kwa mkono siku nzima ili wanafunzi wapelelezane wao kwa wao. Tukitazama kwa makini tutaona kuwa adhabu ya namna hiyo haikukusudiwa kukomesha maneno ya siku moja. Ilikusudiwa kumweka askari ndani ya kichwa cha mtoto, ili hata mwalimu asipokuwapo, mtoto ajizuie mwenyewe. Askari huyo hufuatana na mtu hadi utu uzima. Basi mwandishi wa aina hii akishika kalamu aandike kwa lugha ya mamaye, husikia swali lisiloulizwa na yeyote aliye karibu naye: je, lugha hii yaweza kweli kubeba riwaya?

Shaka nyingine ilikuwa ya namna tofauti kabisa. Mnamo mwaka 1967, alipokuwa Leeds, Ngugi alisema hadharani kwamba amefika njia panda, hajui kama yafaa kuendelea kuandika kwa Kiingereza. Aliwajua watu aliokuwa akiwaandika habari zao. Hakujua ni nani atakayezisoma. Shaka hii haikumfunga mikono ila ilimsukuma mbele. Ilikaa naye miaka kumi, ikampeleka Kamirithu, ambako wanakijiji wenyewe walimsahihisha lugha yake. Kwa hiyo hatuna budi kutofautisha mambo mawili. Kuna shaka inayouliza kazi ni ya nani, na kuna shaka inayouliza kama mfanyakazi anafaa. Ya kwanza ni mwalimu. Ya pili, ikiachiwa nafasi wakati wa kuandika rasimu, huwa mlinzi wa gereza.

Hali ya kazi yenyewe imeelezwa katika Detained, kitabu kilichotoka mwaka 1981. Chumba namba 16 kilikuwa na kitanda kidogo cha chuma upande mmoja, na ubao mdogo wa kuandikia upande wa pili. Taa iliwaka usiku kucha. Mahabusu aliweza kupata kalamu, na pengine karatasi mbili tatu, kwa kisingizio kwamba anataka kuandika maungamo au rufani. Lakini karatasi za kutosha riwaya nzima hazikupatikana. Ndipo alipotumia karatasi za chooni. Zilikuwa ngumu, zisizofaa kwa kazi iliyokusudiwa, na kwa sababu iyo hiyo ziliipokea kalamu vizuri. Kwake kuandika kulikuwa kazi ya kila siku, ambayo kwayo alishikilia utu wake dhidi ya waliotaka kuuvunja. Usiku wa tarehe 12 Desemba 1978, siku ambayo aliachiliwa, bado alikuwa ameketi kwenye ubao ule akiandika.

Hapa inafaa tutazame tatizo ambalo wanaisimu watalielewa upesi. Tahajia ya Kigikuyu, iliyowekwa na wamisionari, haionyeshi toni, wala haitofautishi sawasawa urefu na ufupi wa irabu. Mwandishi anasimulia kwamba aliweza kuandika aya jioni akiwa na hakika ya jinsi inavyosomeka, kisha baadaye akagundua kuwa yasomeka kwa namna nyingine iliyobadilisha maana. Maneno yalimteleza machoni pake mwenyewe. Mtu mwingine angaliweza kusimama hapo, aseme kwamba riwaya haiwezi kuandikwa mpaka wataalamu watengeneze tahajia iliyo bora. Yeye hakusimama. Dawa aliyoipata ni kuyabana maneno kwa muktadha, sentensi kwa sentensi, ili msomaji asiwe na njia ya kupotea. Na pale maneno yalipomwishia aliwatumia walinzi na wafungwa wenzake, akizua mazungumzo juu ya maana na methali bila ya wao kujua kuwa wanachangia riwaya.

Kulikuwa na shaka juu ya umbo pia. Riwaya zake za Kiingereza zilikuwa zimejengwa kwa mpango uliotatanika, wenye kurudi nyuma na kubadilisha wasimuliaji, na A Grain of Wheat ilikuwa na deni kwa Joseph Conrad. Je, msomaji mpya, ambaye pengine hajapata kusoma riwaya yoyote, angeufuata mpango huo? Jibu lake lilikuwa safari, jambo ambalo kila mtu analijua: abiria ndani ya matatu kutoka Nairobi kwenda Ilmorog, kila mmoja na kisa chake. Msimulizi ni mpiga gĩcaandĩ. Na ni jambo la kuzingatia kwamba kitabu kinaanza na msimulizi asiyetaka kusimulia. Wako wanaomwambia kisa ni cha aibu na kifichwe; yeye mwenyewe anasita, anajifungia, anafunga chakula, mpaka anapoamrishwa kusema. Kwa maoni yetu, hapa mwandishi ameichukua shaka yake na kuipa kazi ndani ya hadithi. Hakungoja imwishe ndipo aanze. Aliifanya iwe mlango wa kuingilia.

Mtihani mkubwa ulikuja mswada ulipokamatwa katika upekuzi. Kwa muda wa kiasi cha majuma matatu hakujua kama ataziona tena karatasi zake, wala hakuwa na nakala nyingine. Mwishowe mkuu wa gereza alimrudishia, akasema hakuona kosa lolote ndani yake, ila Kigikuyu chake ni kigumu mno. Basi mhakiki wa kwanza wa riwaya ya Kigikuyu ya Ngugi alikuwa ofisa wa gereza, na hukumu yake ilihusu ugumu wa lugha.

Kuna atakayepinga akisema kwamba kilichoandikisha riwaya hiyo ni gereza, si nidhamu ya mwandishi, kwani mtu asiye na shughuli nyingine ataandika tu. Hoja hii haina nguvu. Kizuizi kimewanyamazisha wengi zaidi ya kilivyowasemesha, na hatupaswi kukipamba kana kwamba ni hisani kwa fasihi. Kadhalika kuna atakayetukumbusha kuwa ushahidi wetu umetoka kwa mwandishi mwenyewe, naye aliutoa kazi ilipokwisha kufaulu. Hilo ni kweli, na tahadhari yafaa. Lakini mswada uliandikwa, na matokeo yake yaonekana: Caitaani Mũtharaba-inĩ ilichapishwa Nairobi mwaka 1980, na mwaka 1982 ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Shetani Msalabani. Baada ya hapo mwandishi hakurudi kuandika riwaya kwa Kiingereza kwanza. Matigari ma Njirũũngi ya mwaka 1986 na Mũrogi wa Kagogo, iliyoanza kutoka mwaka 2004, zote zilianzia katika Kigikuyu. Alifariki Marekani tarehe 28 Mei 2025.

Sisi wa idara za lugha tuna sehemu yetu katika jambo hili. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili ilikuwa na wajibu wa kuikagua miswada na kuipa vitabu ithibati. Manufaa yake hayakosekani, lakini iliacha mazoea ya kudhani kuwa usahihi ndio mwanzo wa uandishi, ilhali ni sehemu yake ya mwisho. Mwanafunzi aliyezoeshwa kuogopa wino mwekundu husahihisha sentensi ya kwanza mpaka ya pili isizaliwe. Pendekezo letu ni dogo. Katika mafunzo ya utunzi, rasimu isomwe mara ya kwanza kwa ajili ya kisa, na makosa ya tahajia yangoje zamu yake. Pili, idara zikusanye na kuhifadhi miswada ya waandishi wetu pamoja na mikato na makosa yake, ili historia ya kazi yao isibaki kuwa historia ya majalada tu.

Ama ule ugumu wa Kigikuyu alioutaja mkuu wa gereza, wasomaji waliutolea jibu lao. Kwa maelezo ya Ngugi, nakala 5,000 za kwanza ziliisha katika muda wa mwezi mmoja. Kitabu kilisomwa kwa sauti majumbani, aliyejua kusoma akiwasomea wasiojua. Kilisomwa pia katika vilabu vya pombe, ambako msomaji alinyamaza penye utamu hasa, akaitazama bilauri yake tupu, mpaka mmoja wa wasikilizaji alipoagiza ijazwe.