Ugezi: Neno la Maabara Linalohitajika Sebuleni

Shemeji yangu alinunua TV ya inchi 55, akaitundika ukutani na kumwita fundi. "Nisetie vizuri," alimwambia. Fundi akatafuta chaneli, akapandisha rangi mpaka nyasi za uwanja wa mpira zikawa kijani cha soda, akashusha mwangaza ili weusi ukolee, akalipwa, akaenda zake. Usiku tukaweka filamu. Ikafika sehemu ya gizani: mtu mwenye koti jeusi aliingia mlangoni, nasi hatukumwona mpaka alipofungua mdomo. "Filamu za siku hizi hawaweki taa," shemeji akanung'unika.

Taa ziliwekwa. Kilichokosekana ni kazi ambayo neno "kuseti" halifiki, na Kiswahili kina jina lake: ugezi.

Tanzania neno hili hukaa zaidi maofisini. Shirika la Viwango, TBS, hulitaja sambamba na upimaji: "upimaji na ugezi". Hapo ugezi ni kukichukua chombo cha kupimia, tuseme kipimajoto au mzani wa maabara, na kukilinganisha na kipimo kingine kinachoaminika kuliko chenyewe, ili ijulikane kimepotoka kiasi gani. Mzizi wake ni kitenzi geza, yaani kuiga, kufuatisha kielelezo. Kitenzi hicho wengi hatukitumii tena, lakini mtoto wake tunaye kila siku: kigezo. Huo ndio uzuri wa istilahi hii. Ndani ya jina la kazi mnasikika jina la kile kinachohitajika ili kazi ifanyike, na asiye na kigezo hawezi kugeza.

Yapo maneno mengine yanayogombea nafasi hiyo. "Kurekebisha" kunadai kwamba kitu kimeharibika, ilhali TV iliyotoka kwenye boksi leo asubuhi ni nzima kabisa. "Kusawazisha" ni karibu zaidi, ila kumeshatekwa na wapangaji wa meza na watangazaji wa mpira; ukisema TV imesawazishwa, wa kwanza atadhani ilikuwa imekaa upande, wa pili atauliza bao kafunga nani. "Kuseti" ni neno la mtaani lenye kazi yake halali, kutafuta chaneli na kuunganisha king'amuzi, lakini halisemi kitu kiwekwe sawa na nini. Hapo ndipo fundi wa shemeji alipopotelea. Aliweka picha sawa na macho yake mwenyewe, saa nane mchana, mlango ukiwa wazi.

Kigezo cha TV ya filamu basi ni kipi? Filamu ikishahaririwa, mtaalamu wa rangi huipitia tukio kwa tukio katika chumba chenye nuru hafifu, akitazama kioo ambacho nacho kimegezwa. Kwa picha za HD, kioo hicho hufuata kanuni ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, iitwayo BT.709, ambayo toleo lake la kwanza ni la mwaka 1990. Kanuni inataja wekundu, ukijani na ubuluu ni upi hasa, na inataja pia weupe: ule wa nuru ya mchana, wa kelvin 6,500 hivi, ambao wataalamu huuita D65. Kwa desturi ya studio, weupe wa juu kabisa huwekwa kwenye kandela 100 hivi kwa kila mita ya mraba. Kuigeza TV ya nyumbani ni kuisogeza karibu na kioo kile, ili koti jeusi alilolikubali mtaalamu lifike sebuleni likiwa na mikunjo yake.

Dukani mambo ni tofauti. TV thelathini zimepangwa ukutani chini ya taa kali, na kila moja inapaza sauti kwa rangi. Hali ya picha iliyowashwa pale ni ile ya kuvutia macho, na weupe wake umetiwa ubuluu. Kila aliyewahi kufua kanzu anaijua siri hiyo. Nguo nyeupe huchovywa kwenye maji ya buluu, na ikianikwa kando ya nyeupe tupu, ile yenye buluu huonekana ndiyo nyeupe zaidi. Jicho limedanganywa kwa hisani. Kwenye kanzu hakuna hasara, ila kwenye filamu buluu hiyo huingia hadi kwenye ngozi za watu, na mwigizaji aliyepigwa picha jua likizama huonekana kama katoka kwenye jokofu. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya ugezi haihitaji kifaa chochote: kamata rimoti, ondoka kwenye hali ya dukani, chagua hali ya sinema au filamu, kisha weka joto la rangi upande wa vuguvugu. Siku mbili tatu za mwanzo picha itaonekana ya njano. Lipe jicho muda lisahau buluu.

Hatua ya pili inataka picha ya majaribio. Waliokua na TV za chogo wanaikumbuka milia ya rangi iliyokuwa ikiganda kwenye kioo kabla ya matangazo kuanza, pamoja na mlio wake. Lile halikuwa pambo. Kilikuwa kigezo cha mafundi. Katika milia ya Kimarekani iliyosanifiwa miaka ya 1970 kuna pembe ya chini yenye vipande vitatu vya giza. Kimoja ni cheusi kupita weusi, cha kati ndicho weusi wenyewe, na cha tatu kimeuzidi weusi kwa unywele tu. Picha za aina hiyo zinapatikana mtandaoni. Iweke kwenye flashi, zima taa ya sebuleni, uichomeke. Pandisha mwangaza mpaka vipande vyote vionekane, kisha ushushe taratibu. Cha kwanza kimezwe na cha kati. Cha tatu kibaki kikionekana kwa mbali, kama mtu aliyesimama barazani usiku. Simama hapo hapo. Ukiendelea kushusha, umemfuta yule wa mlangoni.

Zoezi hilo linafichua kasoro ya majina. Katika TV nyingi, kile kinachoitwa mwangaza hakiongezi mwanga wa kioo. Kinaamua weusi uanzie wapi. Kile kilichopewa jina la utofauti ndicho kinachoshika kilele cha weupe. Mwanga wenyewe uko kwenye taa ya nyuma, mahali pengine kabisa kwenye menyu, na watengenezaji wengine wameyabadilisha majina hayo wapendavyo. Sisi tunaotunga istilahi tusitafsiri kosa la jirani. "Kina cha weusi" na "kilele cha weupe" yangemweleza mtumiaji anachokishika, na fundi wa shemeji angefikiri mara mbili kabla ya kukishusha kina hicho kwenye chumba chenye jua.

Viko vingine viwili vya kuzima au kushusha, navyo havina mjadala mrefu. "Ukali" hauongezi chochote kilichonaswa na kamera, bali huchora ukingo mweupe kuzunguka vitu. Ushushe mpaka ukingo upotee. Ulainishaji wa mwendo hubuni picha ambazo hazikupigwa na kuzichomeka katikati ya zile 24 za kila sekunde ambazo filamu hupigwa, na hapo sinema ya mamilioni ya dola huanza kufanana na tamthilia ya mchana. Desemba 2018 Tom Cruise na mwongozaji Christopher McQuarrie walitoa video fupi ya kuwaomba watazamaji wauzime.

Na kwa anayekwenda kununua, ugezi uanze kabla ya pesa kutoka. Inchi hupimwa kona kwa kona, basi TV ya inchi 55 ina kimo cha sentimita 68 na nusu hivi. HD iliyokamilika, yenye pikseli 1,920 kwa 1,080, iliwazwa kwa mtu aliyekaa umbali wa mara tatu ya kimo cha picha. Kwa inchi 55 hiyo ni mita mbili na kidogo. Kochi likiwa mita nne, fedha ya ziada ya pikseli maradufu haionekani, heri uipeleke kwenye weusi. TV za OLED huzima kila pikseli peke yake, wakati za LED zina taa ya nyuma inayovuja gizani. Mtazama filamu za usiku ataiona tofauti hiyo kabla hajamaliza kuhesabu pikseli.

Msomaji mkali atasema kwamba ugezi kamili hudai kifaa cha kusoma rangi kinachobandikwa kwenye kioo na kompyuta ya kulinganisha namba. Ni kweli, na mwenye uwezo amwite mgezi mwenye kifaa hicho. Lakini jicho linalotazama vipande vitatu vya giza nalo linageza, maana lina kigezo mbele yake. Muuza duka haulizi mteja anapenda kilo nzito au nyepesi. Anaweka jiwe upande mmoja na sukari upande wa pili. Sebuleni tulikuwa tunaulizana tunapendaje kilo.

Nilirudi kwa shemeji na flashi. Kazi ilichukua dakika ishirini, na sehemu kubwa ya muda huo ilikuwa kutafuta menyu. Tukairudisha filamu hadi pale mlangoni. "Kumbe kashika barua," akasema.