Picha za karibu za vioo vya sanaa: maelezo kwa wafanyabiashara na wasafirishaji

Picha ya makro hupigwa kwa karibu sana, kiasi kwamba kitu huingia kwenye kihisi cha kamera kwa ukubwa wake halisi, yaani 1:1. Kwa anayeleta vioo vya sanaa kutoka Kitengela, Kenya, kupitia Malaba au Busia hadi Mvara, Arua, picha hiyo ni ushahidi.

Vioo vya Kitengela huyeyushwa kutokana na vioo vilivyokwisha kutumika, na vingi hupulizwa kwa mdomo. Kwa hiyo huwa na viputo vya hewa ndani. Hiyo si kasoro, lakini ugomvi huanzia hapo: mteja wa Koboko au Ariwara anaona kiputo, anadai glasi imepasuka njiani, na dereva anakatwa pesa. Kiputo ni cha mviringo au kama yai, kingo zake laini. Ufa ni mstari mwembamba. Ukigeuza chombo kidogo kwenye mwanga humeta ghafla, kisha hupotea.

Zima flashi, kwani huacha doa jeupe linaloficha kila kitu. Weka karatasi nyeupe nyuma ya chombo, mwanga wa dirisha upite humo. Kamera ikae kwenye stendi: kwa ukaribu huo, sehemu inayoonekana vizuri ni milimita chache tu. Futa vumbi kwanza (punje moja tu hufanana na jiwe). Sarafu pembeni huonyesha ukubwa.

Piga kabla ya kufunga mzigo, dereva akiwepo, na tena unapofunguliwa.