Mnyampala na hazina ya kumbukumbu

Mathias Mnyampala, Mkatoliki aliyezaliwa Ugogo mwaka 1917, alianza na kumbukumbu za wazee: mwaka 1954 kilitoka kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo. Baadaye akaigeukia Injili, akaitungia utenzi.

Hapo ndipo ukubwa wake ulipo. Utenzi, wenye mishororo ya mizani minane na kina kinachorudi mwisho wa kila ubeti, Waislamu wa pwani walikuwa wakiutumia tangu karne ya 18 kuhifadhi habari za dini. Husomwa kwa sauti, hukaririwa, hukaa moyoni. Mnyampala aliupokea urithi huo kwa heshima, akaumiminia imani yake.

Alifariki mwaka 1969. Enyi waandishi wa makanisa ya Temeke na Kinondoni, fuateni mfano wake: andikeni ushuhuda wa wazee wenu wangali hai.