Don Ho: Rubani aliyegeuka sauti ya Waikiki

Donald Tai Loy Ho, maarufu kama Don Ho, alikuwa mwanamuziki na mwigizaji wa Hawaii. Alizaliwa tarehe 13 Agosti 1930 mtaa wa Kakaako, Honolulu, akakulia Kaneohe, upande wa pili wa kisiwa cha Oahu. Damu yake ilichanganya wenyeji wa Hawaii, Wachina, Wareno na Wazungu wengine, jambo la kawaida visiwani humo.

Muziki haukuwa kazi aliyoipanga. Baada ya kusomea elimujamii katika Chuo Kikuu cha Hawaii, alijiunga na jeshi la anga la Marekani akawa rubani. Mwaka 1959 aliacha urubani na kurudi nyumbani. Mamake alikuwa mgonjwa, na baa ya familia iliyoitwa Honey's ilikuwa imedorora. Don Ho akaketi kwenye kinanda, akaimba, na wateja wakarudi.

Mwaka huohuo Hawaii ilifanywa jimbo la 50 la Marekani, na ndege za jeti zikaanza kumimina watalii. Miaka michache baadaye alihamia Waikiki, akatumbuiza katika klabu iliyobeba jina la Duke Kahanamoku, bingwa wa kuogelea. Mwaka 1966 wimbo "Tiny Bubbles" ulimpa umaarufu duniani. Watalii waliudai kila usiku, naye akawa anaufungulia na kuufungia onyesho.

Hata hivyo, kumkumbuka kwa wimbo huo peke yake ni kumpunja. Ni yeye aliyezipaza nyimbo za rafikiye Kui Lee, mtunzi wa "I'll Remember You", aliyefariki kwa saratani mwaka huohuo wa 1966 akiwa na miaka 34 tu. Lau si sauti ya Don Ho, huenda nyingi zisingevuka bahari.

Kwenye televisheni alionekana katika "I Dream of Jeannie" na "The Brady Bunch", kisha akawa na kipindi chake mwenyewe, "The Don Ho Show", kilichorushwa na ABC mwaka 1976 hadi 1977. Mwaka 1996 aliigiza katika filamu "Joe's Apartment".

Moyo ulipomsumbua, alikwenda Thailand mwishoni mwa 2005 kutibiwa, kisha akarejea jukwaani. Alifariki tarehe 14 Aprili 2007 akiwa na miaka 76. Majivu yake yalimwagwa baharini Waikiki, mbele ya maelfu waliokuja kumuaga.